Kalamu ya Risasi na Ukuta wa Maktaba: Sura za Mateka wa Amistad

Msomaji aingiaye maktaba na kuinua macho ukutani huona kazi iliyokwisha. Rangi zimekauka, kila mtu katika picha amekwisha kupewa mahali pake, na mchoraji amekwenda zake. Hakuna kinachomwonyesha kwamba kazi ile ilipata kuwa mistari michache ya kijivu juu ya kipande cha karatasi, mistari iliyoweza kufutwa kwa kidole. Wahenga walinena kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Na mwanzo wa picha ya ukutani ni kalamu ya risasi. Sisi huisifu ngoma, lakini ni mara chache tuulize lele ilianzwa na nani.

Wachoraji wa picha za ukutani wana desturi ya zamani katika maandalio ya kazi yao. Kwanza huchora kwa udogo, juu ya karatasi, wakitafuta mahali pa kila mtu na kila kitu. Mchoro huo hugawanywa kwa miraba midogo, na ukuta au turubai nayo hugawanywa kwa miraba mikubwa ya hesabu ile ile. Kisha kilichomo katika mraba mdogo huhamishwa mpaka katika mraba mkubwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka jambo lililokuwa na ukubwa wa kiganja likawa na ukubwa wa mlango. Hiyo ni michoro ya kupanga. Lakini iko na michoro ya namna nyingine, nayo ni ya kutafuta sura. Mchoraji humketisha mtu mbele yake, akamtazama pua, paji la uso na namna anavyoinamisha kichwa, akayaandika hayo yote kwa kalamu. Pasipo michoro ya namna hii, watu wa ukutani huwa wanasesere: wote wana mwili, hapana mwenye nafsi.

Je, mchoraji afanyeje ikiwa watu anaotaka kuwachora wamekufa tangu zamani? Hana budi kutafuta kalamu ya mtu mwingine, aliyewaona wakiwa hai. Insha hii yahusu jambo la namna hiyo.

Mwaka 1939 Hale Woodruff, mchoraji Mmarekani Mweusi, alikamilisha picha tatu kubwa kwa ajili ya Maktaba ya Savery katika Chuo cha Talladega, jimbo la Alabama. Picha hizo zasimulia habari ya Waafrika walioasi katika merikebu ya Amistad mwaka 1839, kesi yao katika mahakama za Marekani, na kurejea kwao Afrika. Ilikuwa miaka mia kamili imepita. Lakini sura za watu wale hazikuwa zimepotea zote, kwa sababu kijana mmoja wa mji wa New Haven, jina lake William H. Townsend, alikaa mbele yao walipokuwa kifungoni, akawachora kwa kalamu ya risasi. Michoro yake 22 imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale. Townsend alifariki mwaka 1851. Hakujua, wala hakuweza kujua, kwamba ipo siku watu wale watapewa ukuta katika maktaba ya chuo cha wana wa watumwa.

Swali langu ni hili: kalamu ile ndogo iliweza kufanya nini ambacho ukuta haukuweza, na ukuta uliweza kufanya nini ambacho kalamu haikuweza? Hili si swali la ufundi peke yake. Katika kesi ya Amistad, kuwa na sura na kuwa na jina lilikuwa ni jambo la uhuru au utumwa.

Tuanze na habari yenyewe. Mapema katika mwaka 1839 watu wengi wa nchi ya Wamende, ambayo leo imo katika Sierra Leone, walitekwa kwa njia mbalimbali: huyu alikamatwa njiani akienda shambani, yule alitolewa rehani kwa deni, mwingine alishikwa vitani. Walipelekwa pwani mahali paitwapo Lomboko, wakapakiwa katika merikebu ya Kireno iliyoitwa Teçora, na kuvushwa bahari mpaka Havana, katika kisiwa cha Kuba. Biashara hiyo ilikuwa imekwisha kukatazwa na mkataba uliofanywa baina ya Uingereza na Hispania mwaka 1817. Walakini huko Havana mkataba ulikuwa karatasi tu, na faida ilikuwa fedha taslimu. Wahispania wawili, José Ruiz na Pedro Montes, walinunua watu 53: Ruiz watu wazima 49, na Montes watoto wanne, yaani wasichana watatu na mvulana mmoja.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Ili wapate kuwasafirisha watu wale bila ya kuulizwa, wanunuzi walijipatia vyeti vilivyowataja kwa majina ya Kihispania, kana kwamba ni watumwa wa siku nyingi wa Kuba, walioingia kisiwani kabla ya biashara kupigwa marufuku. Sengbe Pieh, mkulima wa mpunga, mume na baba wa watoto, aligeuzwa kuwa José Cinque. Mnyororo ulifunga miguu, na cheti kikafunga jina. Kwa mnyororo mtu hukosa njia ya kukimbia. Kwa cheti hukosa hata mahali pa kukimbilia, maana huwa hana tena kwao.

Tarehe 28 Juni 1839 merikebu ndogo ya matanga, Amistad, ambayo maana ya jina lake ni urafiki, iling'oa nanga Havana ikielekea Puerto Príncipe, katika kisiwa hicho hicho cha Kuba. Mpishi wa merikebu aliwaashiria mateka kwa mikono kwamba wakifika watachinjwa na kuliwa. Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai mateka walijifungua minyororo, wakatwaa mapanga ya kukatia miwa yaliyokuwa katika shehena, wakamwua nahodha na mpishi. Ruiz na Montes waliachwa hai ili waiongoze merikebu upande jua lichomozako, maana mateka walijua kwamba kwao ni huko. Mchana Montes alielekeza omo mashariki; usiku akaigeuzia kaskazini na magharibi. Zikapita karibu wiki nane za kiu, njaa na vifo. Tarehe 26 Agosti merikebu ya serikali ya Marekani iliikamata Amistad karibu na kisiwa cha Long Island, na mateka wakapelekwa Connecticut, wakatiwa jela mjini New Haven.

Jela ile iligeuka kuwa mahali pa tamasha. Maelfu ya watu walimiminika kuwatazama Waafrika, na mlinzi wa jela akawatoza kila mmoja senti 12 na nusu. Wengine walikuja kupima vichwa vya wafungwa, kwa kuwa siku zile ilikuwapo elimu ya uongo iliyodai kuisoma akili ya mtu katika umbo la fuvu lake. Wengine walifanya sanamu za nta ili wazionyeshe kwa malipo. Kila mtu alitaka kuwaona mateka. Si kila mtu alitaka kuwatazama. Kuona na kutazama ni mambo mawili. Mwenye kuona hupita; mwenye kutazama hukaa.

Katika msongamano huo ndipo alipokuwapo Townsend, kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane. Michoro yake ni midogo na haina madaha. Mingi ni uso na mabega tu, pasipo mandhari nyuma, pasipo bahari wala merikebu. Hakuchora maasi, hakuyaona. Alichora alichokiona, nacho kilikuwa nyuso za watu wanaongoja. Jambo la kwanza limgusalo mtazamaji ni kwamba nyuso hizo hazifanani. Huyu ana mashavu yaliyobonyea, yule ana midomo iliyofumbwa kwa nguvu, mwingine ni mtoto. Leo jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini magazeti mengi ya zama zile yalizoea kuwachora watu Weusi kwa sura moja, kama muhuri upigwao juu ya karatasi elfu. Kalamu ya Townsend iliukataa muhuri huo, pengine bila ya mwenyewe kukusudia, kwa sababu tu alikuwa mwaminifu kwa macho yake.

Jambo la pili ni majina. Pamoja na sura aliandika Fuli, aliandika Kimbo, aliandika Marqu, aliandika Kale mdogo. Marqu ndiye yule msichana ambaye vitabu humwita Margru, mmoja wa watoto wanne walionunuliwa na Montes. Townsend aliliandika jina kama sikio lake la Kiingereza lilivyolipokea, na sikio lilikosea. Lakini lilikuwa limesikiliza. Mwandishi wa vyeti vya Havana hakukosea herufi hata moja, kwa kuwa hakumsikiliza mtu awaye yote. Aliyabuni majina yake mezani. Kati ya jina lililokosewa kwa kusikilizwa na jina lililoandikwa sawasawa kwa kubuniwa, mwanahistoria hana shaka achague lipi.

Hata kusikilizana huko kulipatikana kwa taabu. Mwanzoni hapakuwa na mtu mjini aliyejua lugha ya wafungwa. Profesa Josiah Gibbs wa Yale aliwaendea, akajifunza kwao kuhesabu moja mpaka kumi, kisha akashika njia kwenda gatini New York, akitembea baina ya mabaharia na kuzitamka hesabu zile kwa sauti mpaka akapata mtu aliyezielewa. Mtu huyo, James Covey, alikuwa baharia katika manowari ya Kiingereza, naye mwenyewe alipata kutekwa utotoni na kukombolewa baharini. Kwa kinywa chake mateka walieleza walitoka wapi na walichukuliwaje.

Na hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha kesi. Shitaka la mauaji lilikuwa limekwisha kuondolewa, kwa kuwa mahakama ya Marekani haikuwa na mamlaka juu ya jambo lililotendeka katika merikebu ya kigeni baharini. Likabaki dai la mali. Je, watu hawa ni watumwa halali wa Kuba, kama vyeti vilivyosema, au ni watu huru wa Afrika waliotekwa juzi kinyume cha sheria? Januari 1840 Jaji Andrew Judson aliamua kwamba walizaliwa huru na kwamba walitekwa nyara. Serikali ya Rais Martin Van Buren ikakata rufani. Sihesabu michoro ya Townsend katika ushahidi uliosikiwa mahakamani. Nasema tu kwamba kalamu yake na hukumu ile zilisimama upande mmoja: zote mbili zilikataa kumsoma mtu kwa cheti chake, zikamsoma kwa uso wake na kwa jina aliloitwa na mama yake.

Kalamu ya Townsend haikuwa chombo pekee kilichochora mateka. Mchoraji Nathaniel Jocelyn wa New Haven alimchora Sengbe kwa rangi za mafuta, na kazi hiyo iliagizwa na Robert Purvis wa Philadelphia, mpinzani wa utumwa mwenye asili ya Kiafrika. Katika picha ile Sengbe amevaa shuka nyeupe begani na ameshika fimbo. Macho yake yatazama mbali, na nyuma yake iko nchi yenye vilima. Ni picha ya fahari. Ilipopelekwa kwenye maonyesho ya sanaa Philadelphia ilikataliwa, na nakala zake zilizochapishwa ndizo zilizoieneza. Lakini tazama tofauti. Jocelyn alichora shujaa mmoja, na shujaa hana budi kuwa mzuri. Townsend alichora kundi, na katika kundi yumo mwenye homa, yumo mwenye hofu, yumo mtoto asiyejua kesho. Historia yahitaji shujaa. Lakini historia iliyo na shujaa peke yake huwasahau wale waliomshika mkono.

Mmoja wa wale waliochorwa hakuridhika na kuchorwa. Mvulana Kale, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja hivi, alikuwa amejifunza kusoma na kuandika Kiingereza humo humo kifungoni. Januari 1841 alimwandikia barua John Quincy Adams, rais wa zamani wa Marekani, ambaye alikuwa amekubali kuwatetea mbele ya Mahakama Kuu. Alimweleza kwamba Wamende nao ni watu wenye fikira, na kwamba watakalo ni kuachwa huru. Hivyo mtoto aliyekaa kimya mbele ya kalamu ya mwingine aliishika kalamu yake mwenyewe. Tarehe 9 Machi 1841 Mahakama Kuu iliwaachilia huru. Novemba ya mwaka ule waliosalia, watu 35, waliabiri merikebu iliyoitwa Gentleman, wakafika Freetown Januari 1842. Margru alirudi tena Marekani kusoma katika chuo cha Oberlin, kisha akawa mwalimu nchini mwake.

Sasa tuone jinsi habari hii ilivyofika katika maktaba. Kamati iliyowatetea mateka haikufa kesi ilipokwisha. Watu wake walikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1846 chama cha wamisionari kilichojulikana kwa herufi AMA, na baada ya vita vya Marekani vya kukomesha utumwa chama hicho kilisaidia kujenga shule nyingi za watu Weusi katika majimbo ya kusini. Huko Talladega watu wawili waliokuwa watumwa, William Savery na Thomas Tarrant, waliazimia mwaka 1865 kwamba watoto wao lazima wasome. Chuo kilifunguliwa mwaka 1867, na jengo lake kuu lilikuwa shule ya vijana Weupe iliyojengwa kabla ya vita kwa jasho la watumwa. Savery mwenyewe alikuwa mmoja wa mafundi wale. Alijenga nyumba ambamo watoto wake hawakuruhusiwa kuingia, kisha akaishi kuwaona wakiingia. Maktaba mpya ilipojengwa mwaka 1939 ilipewa jina lake.

Mkuu wa chuo siku hizo, Buell Gallagher, alimwita Hale Woodruff apambe ukumbi wa maktaba hiyo. Woodruff alizaliwa Cairo, jimbo la Illinois, mwaka 1900, akakulia Nashville. Alisoma sanaa Indianapolis, akakaa Ufaransa tangu 1927 hadi 1931, kisha akawa mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Atlanta. Mwaka 1936 alikwenda Meksiko kujifunza kwa Diego Rivera, bingwa wa picha za ukutani. Kazi aliyopewa huko ilikuwa ya mwanafunzi wa chini: kusaga rangi na kuandaa chokaa ya ukuta. Lakini katika karakana ya Rivera alijifunza jambo lililo kubwa kuliko chokaa, yaani kwamba ukuta wa jengo la watu wote waweza kuwa kitabu cha historia kwa ajili ya wale ambao vitabu vimewasahau.

Woodruff alipopewa kazi ya Talladega hakuanza kwa kubuni. Alisafiri mpaka New Haven, akaisoma habari ya kesi na kuzitafuta sura za mateka zilizochorwa wakati wao. Hapa ndipo ninapoiona thamani ya safari yake. Angeweza kukaa Atlanta na kuwatumia vijana wa mtaani kama vielelezo. Miili ingekuwa sahihi na rangi zingekuwa nzuri. Lakini watu wale walipata kuwapo. Walikuwa na pua zao wenyewe na vipaji vyao vya uso wenyewe. Kuwapa nyuso za kubuni kungekuwa kuwaandikia cheti kipya, hata kama ni cheti cha sifa.

Picha tatu alizozifanya ni za rangi ya mafuta juu ya turubai, kila moja ikiwa na kimo cha futi sita hivi. Ya kwanza ni ya maasi. Mapanga yameinuliwa, miili imepindana, na mistari yote ya picha yaenda mshazari, hata mtazamaji huhisi kwamba merikebu yenyewe inayumba. Ya pili ni ya kesi. Hapa mwendo umekoma. Watu wamejaa chumba kimoja, mateka na washitaki na wanasheria, na kinachopigana sasa ni maneno na macho. Ya tatu ni ya kurejea: Sengbe na wenzake wamesimama pwani ya Afrika pamoja na wamisionari, na merikebu iko nyuma yao baharini. Katika picha ya pili nyuso ni nyingi, na kila uso ni wa mtu, si wa kabila. Ndimo pia mchoraji alimotia sura yake mwenyewe miongoni mwa Waafrika. Wengine wataliita jambo hilo mchezo wa wachoraji. Mimi naona kwamba aliyetafuta nyuso za kweli za mateka alifika mahali akatambua kwamba uso mmoja ulikuwa ukikosekana, nao ni wa yule aliyerithi.

Ndipo tupatapo nusu ya jibu la swali letu. Kalamu ya Townsend ilitunza nafsi, lakini haikuweza kutunza tendo. Iliwakuta watu wamekaa, wamefungwa, wametazamwa na wenye senti 12 na nusu. Mtu aijuaye michoro ile peke yake aweza kuwahurumia mateka na asijue kwamba watu hawa walijikomboa. Ukuta uliwarudishia mikono yao. Uliwasimamisha, ukawapa panga, bahari, mahakama na nchi yao. Huruma iliyokuwa katika karatasi iligeuka kuwa heshima.

Na tukumbuke ilikuwa wapi na lini. Katika Alabama ya mwaka 1939 sheria ziliwatenga watu Weusi na Weupe tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Kuchora Waafrika wakiwapiga kwa mapanga waliowateka, na kuichora habari hiyo kwa ukubwa wa mwanadamu mahali vijana wapitapo kila asubuhi wakienda kusoma, hakukuwa pambo. Mwaka huo huo, tarehe 21 Agosti, vijana watano Weusi waliingia katika maktaba ya mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, wakaomba kadi, wakanyimwa, wakachukua vitabu na kukaa kimya wakisoma. Wakakamatwa na polisi. Hivyo kuna maktaba moja ambamo kijana Mweusi hakuruhusiwa kukaa na kitabu, na kuna nyingine ambamo akiinua macho kutoka kitabuni alikuta babu zake wamejikomboa. Ukuta ni ukuta. Lakini mmoja ulifungia nje na mwingine ulikaribisha ndani.

Kisha Woodruff aliongeza picha nyingine tatu, zilizokamilika mwaka 1942: watumwa watorokao kwa msaada wa siri, siku ya kwanza ya chuo, na kujengwa kwa Maktaba ya Savery yenyewe. Katika ile ya mwisho, maktaba imechorwa ndani ya maktaba, mafundi wakiwa kazini, Weusi na Weupe pamoja. Ni kana kwamba mchoraji alitaka msomaji ajue kwamba kuta nazo hazikuota zenyewe, bali zilikuwa na maandalio yake na mikono yake.

Lakini ukuta nao una upungufu, na hapa ndipo nusu ya pili ya jibu. Mchoraji wa ukuta hupanga. Humweka huyu mbele na yule nyuma. Atakaye kuonyesha tendo kubwa hana budi kuyaficha madogo. Mbele ya picha za Talladega twamjua Sengbe, twajua kwamba walikuwako wengi. Lakini Fuli ni yupi? Kimbo ni yupi? Ukuta hauna nafasi ya kuandika jina kando ya kila uso. Karatasi inayo. Kwa hiyo ye yote atakaye kuisoma picha kubwa mpaka mwisho wake hana budi kurudi kwenye mchoro mdogo, kama vile msomaji wa utenzi arudivyo kwenye hati ya kwanza akaona neno ambalo wanakili waliliruka.

Tena yako mambo ya bahati na uangalizi. Rangi hushika vumbi na turubai hulegea. Picha za Woodruff zilishushwa kutoka kuta za maktaba, zikasafishwa na kutengenezwa upya. Mwaka 2012, miaka 32 baada ya mchoraji kufariki, zilionyeshwa Atlanta na baadaye katika miji mingine, zikatazamwa na watu ambao wasingalifika Talladega. Michoro ya Townsend nayo yaliishi kwa sababu mtu aliitia mahali pakavu na mwingine akaikabidhi mahali pa kudumu. Karatasi 22 ni mzigo usiojaza mkoba. Zingalitupwa siku moja ya kufagia nyumba, watu wale wangalibaki na uhuru wao katika kumbukumbu za mahakama, lakini nyuso zao nyingi zingalikwenda.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba rasimu ni takataka ya kazi, kitu cha kutupwa kazi ikiisha. Habari hii yafundisha kinyume chake. Rasimu ni mahali ambapo mtu alitazama kabla hajajua atasema nini, na mara nyingi ndipo alipokuwa mkweli zaidi. Mwenye kuhifadhi kazi iliyokwisha amehifadhi hukumu. Mwenye kuhifadhi rasimu amehifadhi ushahidi.

Katika sakafu ya ukumbi wa Maktaba ya Savery imetiwa sura ya merikebu ya Amistad, na ni desturi ya chuo kwamba mtu asiikanyage. Wanafunzi huizunguka. Kizazi baada ya kizazi wamepita kando yake wakiwa na vitabu mkononi, na wengi wao hawakupata kuiona karatasi hata moja ya New Haven. Walakini desturi yao na kalamu ya Townsend ni kitu kimoja. Yule kijana alisimama alipoweza kupita. Na hawa hupita kando walipoweza kukanyaga.